Maswali ya Wasomaji: Kuchonga Mapanga ya Mtambo wa Upepo kwa Mbao za Skatingi

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba ya zamani iliyokuwa jirani na kwetu hapa Singida imevunjwa, nami nikaruhusiwa kuchukua mbao za skatingi, yaani zile zilizopigiliwa ukutani kuzunguka sakafu. Ni mbao za mninga zenye upana wa inchi 4 na unene wa milimita 20, na ukingo wake wa juu umechongwa urembo wa mviringo. Ninayo pia mota ya sumaku iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya mazoezi, ambayo nimeipima na kuona inafikia volti 13 ikizungushwa mara 450 kwa dakika. Nakusudia kutengeneza mtambo mdogo wa kuchaji betri ya volti 12. Je, mbao hizi zinafaa kwa mapanga, na ule mviringo wa urembo unaweza kunipunguzia kazi ya kuchonga? Seremala mmoja ananishauri nitengeneze mapanga mengi, mapana na mazito, ili yakamate upepo mwingi.
Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, mbao hizo zinafaa, tena kwa kazi hii ningezichagua kabla ya mbao mpya za dukani, kwa kuwa mninga uliokaa ndani ya nyumba miaka mingi umekwisha kukauka na si rahisi ujikunje baada ya kuchongwa. Mviringo wa urembo, hata hivyo, hauwezi kushika nafasi ya umbo la panga. Aliyeuchonga alitaka ukuta upendeze, wakati nguvu ya panga hutokana zaidi na mwinamo unaobadilika hatua kwa hatua kutoka shinani hadi nchani, na mwinamo huo haumo katika skatingi yoyote. Kuchonga ni lazima, ila urembo huo nao una mahali pake katika mchoro, kama nitakavyoeleza.

Anza kwa kuchagua ubao, na usiifanye kazi hii kwa haraka. Panga linapozunguka huvutwa kuelekea nje, kwa hiyo nyuzi za ubao zinapaswa kwenda moja kwa moja kutoka shinani hadi nchani. Geuza ubao uutazame kwa upande wa ukingo; ukiona nyuzi zinakatiza na kutokea nje katikati ya urefu, ubao huo ufanyie kazi nyingine, maana panga litapasukia hapo hapo. Ubao wenye jicho, yaani alama ya mahali tawi lilipoota, uache pia. Matundu ya misumari si tatizo kubwa ikiwa utapanga mchoro ili yaangukie kwenye sehemu itakayokatwa, lakini pitisha sumaku juu ya ubao wote kwanza, kwa sababu kipande cha msumari kilichokatikia ndani kitaharibu meno ya randa, na kikibaki kitaota kutu na kuulegeza ubao. Mapanga yote matatu yatoke katika ubao mmoja, ili yawe na uzito na tabia moja. Ubao wa mita 2 unatosha. Ikiwa mbao zimepakwa rangi ya zamani, usiisugue kwa msasa mkavu, kwani rangi za miaka hiyo huenda zikawa na madini ya risasi. Ilowanishe kwanza, iparue, kusanya mabaki yote, na watoto wakae mbali. Wasomaji wenye skatingi za siku hizi zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi wasijaribu kabisa, kwa sababu hazina nyuzi, na zikinywa maji huvimba na kumeguka.

Seremala wako amekupa ushauri unaofaa kwa mashine nyingine. Vinu vya kupandisha maji, kama vile vya Kijito vilivyotengenezwa Thika nchini Kenya, vina mapanga mengi mapana kwa sababu pampu inahitaji nguvu kubwa ya kuanza kusukuma na haina haja ya kasi. Jenereta inataka kasi. Mapanga mengi mapana yatauzungusha mtambo wako polepole, na mota yako haitafikia mizunguko 450 isipokuwa siku za upepo mkali sana. Mapanga mawili nayo yangekwenda kwa kasi, lakini hutikisa mlingoti kila mtambo unapogeuka kuufuata upepo. Tengeneza matatu membamba, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 60 kutoka katikati ya kitovu, yaani sehemu ya kati mapanga yanapofungwa, na uyapange ili ncha zikimbie kwa kasi ambayo ni mara 6 ya kasi ya upepo. Hesabu yake si ngumu. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipa ncha kasi ya mita 30 kwa sekunde. Mzingo wa duara lake ni mita 3.77; kwa hiyo mtambo utazunguka karibu mara 8 kila sekunde, yaani kama mara 480 kwa dakika. Mota yako itakuwa imekwisha kuanza kuchaji kabla upepo haujafika mita 5. Ninakupongeza kwa kuipima kabla ya kuandika, kwani wengi huchonga mapanga mazuri na kuyafunga kwenye mota inayodai mizunguko 2,000.

Ni vema pia ujue cha kutarajia. Mwaka 1920 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwa hesabu kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchota zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaoupitia, na mtambo wa nyumbani, ukijumlisha hasara za mota na nyaya, hupata kama robo tu. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Kwa duara lako la mita 1.2, upepo wa mita 5 kwa sekunde utakupa kama wati 18, kiasi cha taa kadhaa za LED na kuchaji simu. Upepo ukiongezeka maradufu nguvu yake huongezeka mara 8, hivyo kwa mita 10 utapata karibu wati 150, ikiwa mota inastahimili.

Sasa tuje kwenye kuchonga. Laza kipande mezani, uso wenye urembo ukiwa juu, shina likiwa upande wa tumbo lako, na ukingo wenye urembo ukiwa mkono wa kushoto. Uso huo wa juu ndio utakaotazama upepo, ukingo wa kulia ndio utakaotangulia, na mtambo utazunguka kama mishale ya saa ukitazamwa kutoka upepo unakotokea. Chora mshale wa mzunguko juu ya kila kipande kabla hujashika msumeno, kwa sababu panga moja likichongwa kinyume, kazi yake yote imepotea. Ukingo wa kulia uache umenyooka kama ulivyo, ili nyuzi za upande huo zisikatwe, na upana upunguzwe kutoka kushoto tu. Umbali wa sentimita 15 kutoka katikati uwe sentimita 10 zote za ubao. Umbali wa 30 uwe sentimita 7. Umbali wa 45 uwe sentimita 5. Na nchani uwe sentimita 4. Utaona kwamba msumeno umekwisha kuondoa sehemu kubwa ya urembo, na ule uliobaki karibu na shina utaondoka kwa mwinamo, maana uko kwenye ukingo wa nyuma ambako mbao lazima ipunguzwe. Hiyo ndiyo faida pekee ya ule mviringo, kwamba unaanza kazi ukiwa umekwisha kupunguziwa kidogo mahali panapostahili.

Mwinamo wenyewe uwe digrii 3 nchani, digrii 5 kwenye sentimita 45, digrii 9 kwenye sentimita 30, na digrii 20 kwenye sentimita 15. Usihangaike na kipimapembe juu ya ubao. Badilisha digrii kuwa milimita za kushuka. Ukingo wa kulia ubaki kwenye uso wa juu, na kwenye ukingo wa kushoto weka alama chini ya uso huo: milimita 2 nchani, milimita 4 na nusu kwenye sentimita 45, na milimita 11 kwenye sentimita 30. Unganisha alama kwa mstari, piga mikato ya msumeno inayoishia kwenye mstari huo kila baada ya vidole vitatu, kisha ondoa vipande kwa patasi na usawazishe kwa randa, ukisukuma kutoka kwenye upana kuelekea wembamba ili nyuzi zising'oke. Weka rula kutoka ukingo hadi ukingo uelekeze dirishani. Mahali mwanga usipopita ndipo bado pana mbao ya kuondoa.

Kwenye sentimita 15 utakwama, kwa sababu digrii 20 kwa upana wa sentimita 10 zinadai kushuka milimita 36, na ubao wako una 20 tu. Hapo ndipo skatingi inaposhindwa na mbao nene. Dawa yake ni kabari: kata kipande kutoka kwenye mabaki ya ubao uleule, chenye unene wa milimita 18 kwenye ukingo wa mbele, kikipungua hadi sifuri kuelekea ukingo wa nyuma na kuelekea sentimita 30, ukigundishe juu ya uso unaotazama upepo. Nusu ya ndani ya panga hufagia robo tu ya duara zima, kwa hiyo mtambo usio na kabari bado utatoa umeme. Kasoro yake ni kwamba utakuwa mzito kuanza kuzunguka upepo unapokuwa mdogo, na Singida nako, kama kwingine, kuna asubuhi nyingi za upepo mdogo.

Uso wa nyuma ndio wenye mgongo. Unene mkubwa uwe kwenye theluthi ya kwanza kutoka ukingo unaotangulia, kiasi cha milimita 9 kwenye sentimita 30, milimita 6 kwenye 45, na milimita 5 nchani. Kutoka hapo uteremke polepole hadi ukingo wa nyuma wenye milimita 1 au 2. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, usiwe mkali. Kata vigezo vitatu vya bati, kimoja kwa kila kipimo, uvijaribishe kwenye mapanga yote. Panga moja likiwa bora kuliko mengine mawili halikusaidii. Afadhali yote matatu yawe na kasoro ileile.

Sentimita 12 za kwanza ziache bapa bila kuchonga, mashina yakatwe kwa ncha ya digrii 120 ili yakutane katikati, kisha yabanwe kati ya duara mbili za plaiwudi ya milimita 12 kwa gundi, skrubu na bolti zinazopenya zote. Usifanye uchoyo wa bolti. Panga lako likimalizika litakuwa na uzito wa kama gramu 400, na kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde, mtambo ukizunguka karibu mara 950 kwa dakika, kila panga litavuta kitovu kwa nguvu inayokaribia uzito wa mifuko miwili ya saruji. Waya wa betri ukichomoka, mota haitakuwa na mzigo, mtambo utaongeza kasi, na kasi ikizidi maradufu mvuto huo utakuwa wa mifuko minane. Ndiyo maana nakuomba sana, kabla hujapandisha chochote, uweke swichi ya kuunganisha nyaya mbili za mota pamoja, kabla ya dayodi inayozuia betri kuigeuza mota, kwani mota iliyounganishwa hivyo hujifunga breki yenyewe. Ifunge kabla upepo haujawa mkali, na usisimame kamwe sambamba na duara la mapanga yanapozunguka.

SWALI: Nilitengeneza mapanga matatu kwa mbao za ukingo wa paa zilizobaki kwenye ujenzi. Niliyapima kwa mizani na yalikuwa sawa. Msimu wote wa kiangazi yalizunguka vizuri, lakini tangu mvua zianze mlingoti unatikisika upepo ukiwa mkali. Nifanye nini?
Msomaji, Kajiado

JIBU: Kwanza usimamishe mtambo leo, usiuache uendelee huku ukitafuta sababu. Gramu 10 zikizidi kwenye panga moja, sentimita 40 kutoka katikati, huvuta mlingoti kwa nguvu ya uzito wa kilo 4 mtambo unapozunguka mara 950 kwa dakika, na huvuta upande huu na upande ule mara 16 kila sekunde. Bolti hulegea kwa mtikisiko mdogo kuliko huo.

Ulivyosema kuhusu mvua kunanifanya nishuku kwamba panga moja limekunywa maji, hasa nchani, ambako nyuzi za mbao zimekatwa na maji huingia kwa urahisi kuliko ubavuni. Yashushe, yapime tena, na safari hii usiishie kwenye mizani. Mapanga mawili yanaweza kuwa na gramu sawa huku moja likiwa na uzito wake karibu na ncha, na hilo ndilo litakalovuta zaidi. Lilaze kila moja juu ya ukingo wa rula mpaka litulie bila kuangukia upande wowote, utie alama hapo, kisha ulinganishe umbali wa alama hizo kutoka shinani. Ukisharudisha kitovu kizima, kining'inize kwenye ekseli laini inayozunguka bila kukwama. Panga linaloshuka chini kila mara ndilo zito, na utaliondoa tatizo kwa kufunga washa, yaani kipete cha chuma cha bolti, karibu na kitovu upande ulio mwepesi.

Kisha pima kwa futi umbali kutoka ncha hadi ncha. Kwa mapanga ya sentimita 60 umbali huo ni sentimita 104 kwa pande zote tatu, na tofauti ya zaidi ya nusu sentimita inaonyesha kwamba panga moja limesogea kwenye bolti zake. Simamisha kijiti karibu na ncha na uzungushe kwa mkono. Kila ncha ipite mahali palepale, bila moja kuwa mbele ya nyingine. Mbao iliyolowa hujipinda, na panga lililojipinda hubeba upepo tofauti na wenzake hata kama uzito uko sawa.

Kuna uwezekano mwingine ambao si wa mapanga. Ikiwa mtikisiko unatokea kwenye kasi moja tu kisha unatulia kasi ikizidi, mlingoti ndio unaoitikia, na nyaya zake zinahitaji kukazwa. Ukiongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, rudi kwenye mapanga.

SWALI: Kwa nini tuhangaike na mbao wakati bomba la plastiki linakatwa kwa dakika chache?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Bomba ni njia halali, na William Kamkwamba wa Malawi, alipotengeneza kinu chake cha kwanza kijijini kwao karibu na Kasungu mnamo 2002 akiwa bado kijana mdogo, alitumia bomba la plastiki alilolipasua na kulinyoosha kwa moto. Kwa mtambo mdogo wa kujifunzia ningesema anza nalo. Hata hivyo plastiki hiyo hukauka na kuwa dhaifu kwa jua, na upepo mkali huikunja kuelekea mlingoti. Mbao hustahimili kupindwa na kunyooka mara nyingi mno bila kuchoka, na ukikosea unaweza kuirekebisha kwa randa. Mwenye mbao nzuri za bure, kama ndugu yetu wa Singida, sioni sababu ya yeye kununua bomba.

SWALI: Huku kwetu mashua hupakwa mafuta ya sifa, yaani mafuta ya papa. Je, naweza kuyatumia kwenye mapanga ya mbao?
Msomaji, Pemba

JIBU: Sifa inaifaa mashua kwa sababu mwenyewe huirudia mara kwa mara na hana haja ya kupaka rangi juu yake. Kwenye panga haifai, kwani mafuta yasiyokauka hukamata vumbi na chumvi, na ukija kutaka kupaka rangi baadaye haitashika. Tumia mafuta ya kitani, ukiyapaka kwa wepesi na kuacha kila mkono, yaani kila tabaka, ukauke kabisa, kisha maliza kwa rangi ya mafuta au vanishi ya nje. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyarundike, kwa sababu yanaweza kushika moto yenyewe.

Ncha na shina, mahali nyuzi zilipokatwa, zipakwe mara mbili zaidi ya sehemu nyingine. Ukingo unaotangulia ndio utakaochakaa mapema, maana kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde ncha hukimbia kilomita 216 kwa saa, na kwa kasi hiyo matone ya mvua na mchanga wa pwani hukwangua rangi mpaka kwenye mbao. Ubandike utepe mgumu wa plastiki kwenye ukingo huo, urefu sawa kwa mapanga yote matatu, na uubadilishe unapoanza kuchanika. Rangi nayo ina uzito, kwa hiyo fanya kazi ya kusawazisha mapanga baada ya mkono wa mwisho kukauka, na uirudie kila unapopaka upya.